Ukisikia Maji, Toka Nje

Tulimwacha Salehe amelala chali kwenye kitanda cha daktari wa Kidachi, pazia linafunguliwa, na anayeingia kutafsiri si yule karani wa pwani aliyemzoea. Anayeingia ni Kasiani. Mjomba wa Mosi!

Naam, huyohuyo. Kwa nyie mliofungia samaki gazeti la wiki jana, nawakumbusha mbiombio, maana leo mambo ni mengi. Salehe ni fundi cherehani, mtu wa Matombo, anashonea barazani kwa Rahemtulla pale Morogoro mjini. Kijana mzuri, mkono mwepesi, ndevu za kutosha, na hukojoa kitandani. Amemposa Mosi. Na kwa Waluguru binti ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo neno la mwisho la ndoa linakaa kwa mjomba.

Kuna msomaji wa Kilakala kanitumia salamu kwamba mtu mzima hakojoi kitandani, natunga. Bwana mkubwa, hongera kwa godoro lako kavu. Tuendelee.

Salehe alijaribu kuinuka.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba," Kasiani akajibu huku akitazama ukuta.

Mtu halali chali mbele ya mkwe. Hamwonyeshi nyayo, hali mbele yake kabla hajakaribishwa rasmi, wala hataji kitu chochote cha chini ya kiuno. Lakini daktari hakuwa na habari hizo. Akamrudisha Salehe kitandani kwa kiganja cha mkono.

"Lala!"

Ndilo neno la Kiswahili alilolijua kuliko yote, ndiyo maana mji mzima ulimwita Bwana Lala.

"Karani yuko wapi?" Salehe aliuliza chini chini.

"Ana homa. Nimeitwa mimi."

Kasiani alijifunza Kidachi kwa mapadri wa Matombo, ndiko alikobatizwa. Dada yake, Bi Chausiku, mama yake Mosi, alibaki Mwislamu, na wakaelewana vizuri tu. Mtu wa heshima, Kasiani. Akipita njiani watu huinuka.

Daktari akasema kitu kwa Kidachi.

"Anauliza unaumwa nini," Kasiani akatafsiri.

Salehe alivutavuta kikoi. "Kichwa."

"Kichwa, Bwana."

Bwana Lala akacheka. Yeye aliyajua yote tangu wiki jana, kwa kinywa cha yule karani. Akamwaga Kidachi kirefu, anapunga mkono, anatikisa kichwa kwa huruma. Salehe hakuelewa hata neno moja, lakini alimwona Kasiani. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Macho yalishuka taratibu mpaka kwenye kikoi cha Salehe, halafu yakaruka juu mpaka dirishani.

"Amesemaje, mjomba?"

"Amesema... pole."

Basi! Salehe alijua kwamba mjomba amejua. Aibu ilimpanda kuanzia nyayoni, masikio yakawaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na kitanda cha Wadachi. Kila alfajiri aliteremka mtoni na mkeka wake kuufua kabla watu hawajaamka, na waliomkuta njiani walimsifu kwa kuwahi udhu. Walimwita Salehe wa Alfajiri. Sifa zile zilimchoma kuliko matusi. Na leo mtu mmoja amejua udhu wenyewe ni upi, na mtu mwenyewe ndiye mwenye Mosi.

"Mwambie asione haya," daktari alikuwa akisema. "Si dhambi, si uvivu. Nimewatibu hata maofisa. Mwambie namna kazi yangu inavyokwenda."

Kasiani alitafsiri akiwa ameugeukia mlango.

"Anasema hii si dawa ya kunywa, wala pepo wa kupanda kichwani. Wala si usingizi, ingawa yeye mwenyewe hushinda akipiga kelele lala, lala. Utasikia kila kitu. Anasema ni kama pale unaposhona, mguu unakanyaga, mkono unaendesha nguo, na akili yako imeshakwenda zake Matombo. Akili ikitulia hivyo, neno jema linaingia na kukaa."

Msidhani Bwana Lala alikuwa mpiga ramli. Mji ulikuwa umeona. Mfanyakazi mmoja wa reli alikuwa hawezi kuvuka daraja, magoti yanagongana. Alipotoka kwa daktari mara kadhaa, alivuka akipiga mluzi. Mama mmoja aling'olewa jino huku akisimulia harusi ya jirani. Wenye kigugumizi walikwenda, na wenye kukosa usingizi. Lakini mwenye homa ya mbu alipewa kwinini akafukuzwa, na mwenye mguu uliovunjika alifungwa vijiti. Homa haisikilizi maneno, alisema Bwana Lala, wala mfupa hausikilizi.

Kisha daktari akamgeukia Kasiani na kidole.

"Wewe ni kinywa changu tu. Umesikia? Kinywa!"

"Ndiyo, Bwana."

Daktari akachukua subana ya Salehe, kile kikofia cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni sindano isimchome. Akaishika juu kidogo ya macho ya mgonjwa mpaka ikameta.

"Aitazame hii tu. Pumzi polepole."

"Itazame hii," Kasiani akanong'ona.

"Sauti! Sauti moja, ya taratibu! Mimi hanielewi. Dawa yake ni sauti yako!"

Hapo Kasiani alikwama. Kiswahili kilimtoka kikavu, cha kuitia shahidi mahakamani. Akajaribu tena. Akajikuta anasema Kiluguru, kwa namna mama yake alivyokuwa akimbembeleza yeye na Chausiku.

"Gona," alisema. Yaani lala. "Gona, gona."

Kope za Salehe zikawa nzito. Daktari akauinua mkono wake wa kulia, akauachia, na mkono ukabaki hewani. Salehe alimsikia mwuza ndizi akinadi nje. Alisikia viatu vya daktari vikilia sakafuni. Alijua fika kwamba mkono wake uko juu. Hakuona tu sababu ya kuushusha.

Mara zogo likazuka nje, askari na mtu mwenye punda. Bwana Lala akatoka akifoka. Kasiani akabaki peke yake na mgonjwa.

Ee bwana wee! Shetani hana kazi nyingine ila kungoja saa kama hizo.

Kasiani alifikiria ukoo wake. Alifikiria vijana wa mjini wakiimba nyuma yake. Mkwe wa kikojozi! Akainama mpaka ndevu zikagusa mto.

"Salehe," alisema kwa sauti ileile ya kubembeleza. "Ukiamka, nenda kwa mshenga wako. Mwambie humtaki tena Mosi. Mwambie umepata mwingine."

Najua baadhi yenu mnadhani mtu aliyetiwa katika hali ile ni gunia, unampakia unachotaka. Hata Kasiani alidhani hivyo.

Salehe akafumbua macho. Palepale! Mkono ukaanguka pwaa kitandani.

"Simwachi," alisema.

Kasiani alirudi nyuma, akagonga meza ya chupa.

"Mjomba, nilikuwa nasikia."

Wakatazamana. Yule anaona haya kwa ugonjwa wake, huyu, mzima wa afya, anaona haya kwa hila yake, na sijui nani aliona zaidi. Nadhani Kasiani, maana ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

Daktari akarudi. "Nani kamwamsha?"

"Ameamka mwenyewe, Bwana."

"Mwenyewe! Mtu huamka hivyo akiambiwa jambo ambalo moyo wake haulitaki. Kwa njia hii huwezi kumwagiza mtu aibe, wala aue, wala atupe anachokipenda. Moyo wake haujatoka, umekaa mlangoni unatazama nani anaingia. Ulimwambia nini?"

"Atulie, Bwana. Nilimwambia atulie."

"Ukiongeza tena neno lako, utakwenda bomani kuonja kiboko. Neno kwa neno!"

Wakaanza upya, na mara ya pili Salehe aliteremka katika hali ile upesi zaidi, maana njia alishaijua. Mnaweza kuuliza, alikubalije kusikiliza tena sauti ya mtu yule? Alikubali kwa sababu alichoka. Alichoka na mto, mkeka, sifa za alfajiri. Alitaka kukauka kuliko alivyotaka kumkasirikia Kasiani.

"Sasa," daktari akasema, "mwambie: kibofu chako kikijaa mkojo, utasikia. Utaamka. Utainuka. Utatoka nje, utakojoa, utarudi kulala mkavu."

Kasiani akatoka jasho.

Jiwekeni mahali pake. Kibofu! Mkojo! Kwa mkwe! Neno la namna hiyo lisingepita mdomoni mwa mtu wa heshima hata angeshikiwa panga. Na kiboko kinamngoja. Akatafuta njia ya kupita katikati, akaipata.

"Ukisikia maji," alisema polepole, "utaamka. Utainuka. Utatoka nje. Utarudi mkavu."

"Umesema yote?"

"Neno kwa neno, Bwana."

"Rudia. Rudia tena."

Akarudia. Ukisikia maji, utainuka, utatoka nje. Sauti yake ilikuwa nzuri sasa, haina haya ndani yake, kwa kuwa hapakuwa na neno la haya. Kwa lugha yetu kusikia ni kwa namna mbili. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, na tunasikia ngoma. Kasiani alikusudia kusikia kwa mwilini. Salehe alikuwa na kiu ya kupona, akameza yote, ya mwilini na ya sikioni.

Walipotoka, Salehe alimfuata mpaka kwenye kona ya nyumba.

"Mjomba, Ijumaa tuje na mshenga?"

"Sijasema msije."

"Usimwambie Mosi, tafadhali."

"Nimwambie kwa mdomo upi?" Kasiani alisema kwa hasira, akaenda zake.

*

Mkeka ukawa mkavu!

Asubuhi ya kwanza Salehe aliupapasa mara tatu, akalia. Ya pili ukawa mkavu, na ya tatu. Mtoni hakuonekana, na walimwengu walivyo, wakaanza kunong'ona kwamba Salehe wa Alfajiri ameacha sala. Yeye alicheka peke yake barazani mpaka Rahemtulla akamuuliza kama ameokota kitu.

Palikuwa na jambo dogo tu. Mvua ikinyesha, Salehe alijikuta nje amelowa. Siku moja Rubab, mke wa Rahemtulla, alimimina maji katika beseni pale uani. Salehe akainuka kwenye cherehani, akateremka ngazi, akasimama katikati ya barabara, gurudumu la cherehani bado linazunguka.

"Salehe! Unakwenda wapi? Suruali ya watu ina mguu mmoja!" Rahemtulla akaita.

"Nanyoosha mgongo, bwana."

Na yeye mwenyewe aliamini kwamba ananyoosha mgongo. Mtu aliyepona hatafuti ila. Ingekuwa wewe ungetafuta?

*

Ijumaa, baada ya sala, wakapanda Bigwa kwa Bi Chausiku. Mbele alikwenda mshenga, Mzee Yunusi, mtu wa maneno matamu ambaye angeweza kumwuzia samaki mto. Salehe nyuma, kanzu mpya aliyoishona mwenyewe, macho chini.

Kasiani aliwapokea mlangoni. Akamvuta Salehe kando.

"Sijamwambia mtu," alisema. "Leo Mosi atakunawisha, utakula wali wetu. Ukinawa na kula, umekuwa mtoto wa nyumba hii, nami nitafunga mdomo mpaka kaburini. Lakini usinitie aibu mbele ya ukoo wangu. Umenielewa?"

"Nimekauka, mjomba. Wallahi nimekauka."

"Usiniambie mimi habari hizo!"

Ndani, mikeka imetandikwa. Wazee wa ukoo upande huu, wageni upande ule. Bi Chausiku na wanawake wako chumbani nyuma ya pazia, maana mama mkwe na mkwe hawakabiliani. Mzee Yunusi akatoa maneno yake, wazee wakaguna kwa kuridhika, wali ukanukia karafuu na mdalasini.

Mosi akaingia na birika na bakuli. Kanga imefunika kichwa, lakini Salehe aliziona pembe za mdomo wake. Alikuwa akijizuia asicheke kwa furaha. Akapiga magoti mbele yake.

Salehe akanyoosha mikono. Mosi akainamisha birika. Maji yakalia bakulini.

Salehe akainuka, akatoka nje.

Mosi amepiga magoti, birika limeinama, maji yanamwagikia bakuli tupu. Salehe alisimama uani katikati ya kuku, mikono inachuruzika, hajui amefuata nini. Akarudi mbio.

"Samahanini wazee wangu. Samahanini sana."

"Kikohozi!" Mzee Yunusi akadakia. "Kijana ana kikohozi, na kwa adabu hakutaka kukohoa mbele ya wakwe. Mmeona malezi?"

Wakacheka. Wakamsamehe. Mosi akainamisha birika tena.

Salehe akainuka, akatoka nje.

Safari hii hakucheka mtu. Kichwa cha Mosi kiliinama mpaka kanga ikagusa bakuli, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kukataa maji ya mkono wa mchumba mara moja ni kikohozi. Mara mbili ni tusi.

"Mwanangu amesuswa!" sauti ya Bi Chausiku ikapasua pazia. "Amesuswa mbele za watu!"

"Yunusi," mzee mmoja wa ukoo akasema, "mchukue mtu wako."

Mzee Yunusi akaanza kutafuta viatu vyake.

Kasiani akatoka nje, mishipa ya shingo imemsimama. Alimkuta Salehe nyuma ya nyumba, kwenye migomba, anaipiga miguu yake makofi.

"Wewe! Nilikuambia nini?"

"Si mimi, mjomba! Miguu! Nikisikia maji tu..."

Salehe akaitazama miguu yake. Akamtazama Kasiani. Kasiani akautazama mgomba.

"Ukisikia maji, utainuka, utatoka nje," Salehe akasema taratibu. "Ndivyo ulivyosema. Daktari alisema hivyo?"

"Alisema... karibu na hivyo."

"Alisemaje, mjomba?"

"Alisema na yale mengine."

"Yapi?"

"Yale ya ndani! Ningewezaje kukutajia wewe mambo ya ndani? Wewe mkwe wangu!"

Salehe alikaa chini kwenye majani makavu, kanzu mpya na yote. Maskini wa Mungu, hakujua acheke au alie.

"Irekebishe," alisema.

"Twende kwa daktari kesho."

"Kesho? Wanakunja mikeka, mjomba! Sauti iliyoingia ni yako. Itoe wewe."

Akatoa subana mfukoni, akaishika mwenyewe juu ya macho yake. Kasiani alitazama kulia, alitazama kushoto. Akachuchumaa.

"Gona," alianza. "Gona, gona."

Kope zikashuka.

"Salehe, ukisikia maji ya kunawa, kaa. Ukisikia mvua, lala. Utatoka nje pale tu utakapobanwa na... na mm..."

"Sisikii, mjomba," Salehe akasema, macho yamefumba.

"Utakapobanwa na mko..."

"Sisikii."

Jasho lilimtoka Kasiani kama mtu anayebeba jiwe la kusagia. Alifumba macho na yeye. Pengine alidhani asipomwona mkwe, mkwe hayupo.

"MKOJO!" akapiga kelele. "Ukibanwa na MKOJO, ndipo utoke! Usikojoe tena kitandani! Maji ya kunawa si yako!"

Kuku wakakimbia. Salehe akafumbua macho. Na ndani ya nyumba, ambayo ukuta wake ulikuwa udongo na fito tu, hapakusikika hata kikohozi.

Walirudi wakiwa wamefuatana. Wazee wote walikuwa wanawatazama. Kijana mmoja pembeni alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kasiani," mzee wa ukoo akauliza, "tumesikia vizuri?"

Akajibu Salehe.

"Mmesikia vizuri. Mimi ni kikojozi, wazee wangu. Tangu utoto. Mkeka ninaofua alfajiri ni kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya dini. Nilikwenda kwa daktari, sasa nimekauka, kesho sijui. Niliona haya kuwaambia. Na sasa naona haya zaidi."

Akakaa alipokuwa amekaa mwanzo. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mosi alikuwa bado amepiga magoti palepale. Akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Lete mikono," alisema.

"Mosi!" mzee akafoka. "Nani kakuagiza?"

Mosi akamimina. Maji yakalia bakulini. Goti la Salehe likaruka mara moja, mara mbili. Akakaa. Maji yakapita vidoleni, yakateremka mpaka viwikoni, yakalowanisha kanzu mpya, naye akakaa.

Wazee wakamgeukia Kasiani. "Neno ni lako. Sema."

Na Kasiani, ambaye aliahidi kufunga mdomo mpaka kaburini! Alimwangalia yule kijana aliyeziba mdomo pembeni. Aliona mji mzima ukicheka nyuma ya kiganja kile.

"Ingekuwa siri, sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa imejulikana. Ukoo hauwezi. Mtu huyu hatufai."

Pazia likafunguliwa kwa nguvu.

Bi Chausiku alisimama mbele ya wanaume wote, kichwa wazi, uso kwa uso na mkwe wake. Hakumjali. Alimtazama kaka yake tu.

"Wa kwanza ulimfukuza kwa neno hilohilo," alisema. "Wa pili humfukuzi."

"Chausiku, nyamaza."

"Nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka mtoto akaota maziwa, na haya yamenila tumbo lote."

Birika likasimama mkononi mwa Mosi.

"Wa kwanza nani, mama?"

"Chausiku!"

"Baba alikufa kwa ndui," Mosi akasema. "Mjomba ndiye aliyeniambia. Si ndiyo, mjomba?"

Kasiani alikuwa ameuzika uso katika viganja vyake viwili. Wazee walitazama mikeka. Wote walijua! Bi Chausiku akapiga magoti mbele ya binti yake, mbele za watu, na akasema maneno bila kupumua.

"Hakufa. Alikuwa na ugonjwa wa huyu, na mjomba wako alimtoa mlangoni na mkeka wake umelowa, watu wanatazama. Yuko Kisaki, mbele ya Matombo. Kila mavuno hutuma mtu kukuulizia, na kila mavuno mjomba wako humjibu kwamba tulikuzika, naye haamini."

Mosi akaweka birika chini, akajifunga kanga kiunoni, akamgeukia Salehe ambaye mikono yake ilikuwa bado imelowa.

"Wewe ni mtu wa Matombo," alisema. "Kisaki ni njia ipi?"